Ninachoweka Katika Uji wa Kaka

Mama Rosalie, wewe unayejibu barua zetu redioni, kabla hata ya salamu niseme kitu ambacho hakuna mtu mwingine amekisikia kutoka kwangu: kila asubuhi ninasaga vidonge, ninavikoroga ndani ya uji wa kaka yangu bila yeye kujua, naye anakunywa, ananirudishia bakuli na kunishukuru. Si sumu, ni dawa ya moyo. Lakini hapa kwetu mtu anayetia kitu kwa siri katika chakula cha mwenzake ana jina moja tu, na jina hilo likinipata mimi sitaweza kulivua hata nikizeeka.

Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza shule mwaka huu, na sasa madarasa yetu yanalaliwa na watu waliokimbia vijiji vya juu, kwa hiyo niko nyumbani Bihambwe, napika na kulima. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua nilikuwa naangalia meza. Kwenye karatasi ni rahisi zaidi, hakuna anayenitazama. Majina yote nitakayotaja si yale tuliyobatizwa nayo.

Kaka yangu, tumwite Jean-de-Dieu, ana miaka thelathini na mmoja, ana mke anaitwa Adrienne na watoto wawili, na kazi yake ni kusukuma chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, anateremka na maharage mpaka Mubambiro ambako magari ya Goma yanaishia tangu barabara iharibike na vita, kisha anapanda tena milima yote akisukuma sukari na sabuni za wenye maduka. Hakuna kijana mwenye nguvu kama yeye huku, hata wenzake wanasema hivyo, ingawa anavuta sigara tangu nikiwa mtoto na mke wake amechoka kumwambia.

Siku alipougua alikuwa amemletea mzigo Mama Blandine, mama wa Butembo mwenye duka karibu na kanisa. Mimi nilikwenda kumsaidia kushusha. Tulipomaliza, Mama Blandine alitupa chai ya maziwa, sisi wawili na watoto wake, na kaka hakumaliza hata kikombe, alishika kifua, akaanza kutoka jasho kama mtu aliyenyeshewa, akaniambia, "Dada, kuko kitu inanifinya hapa kama mbao, na mukono hii iko muzito, siisikie vizuri." Kisha akakaa chini, yeye ambaye hakai.

Tulipomfikisha nyumbani Adrienne alisema twende kituo cha afya palepale. Baba mdogo, Papa Jules, ambaye ndiye anayetuongoza tangu baba afe, alikataa. "Kijana wa nguvu hivi anaanguka juu ya chai, na munaniuliza ni ugonjwa gani? Balimulisha karuho."

Adrienne akasema, "Papa, tumupeleke tu bamuangalie."

"Bamuangalie na nini? Na shindano? Muntu wa karuho bakimupiga shindano anakufa paka pale. We unataka kuwa mujane?"

Mama, wewe unajua namna tunavyoogopa karuho huku, ile sumu ya kulishwa inayokula mtu polepole, na unajua kila mtu amesikia kwamba mwenye karuho hadungwi sindano. Hata mimi niliyesoma biolojia niliogopa. Hatukubisha. Walimweka kwenye kipoyi, machela yetu ya miti, wanaume wanne wakambeba, na badala ya kuteremka kwenye kituo cha afya walipanda kwenda Muheto kwa Papa Faustin, anayetoa dawa ya kutapisha sumu. Kaka alitapika siku ile na siku iliyofuata, na kila alipotapika watu walisema inatoka. Lakini miguu ilianza kuvimba, hakuweza kulala chali, alikuwa analala ameketi, akipumua kama mtu aliyekimbia. Ndipo Adrienne aliposema kama ni kufa atakufa akitazamwa na daktari, akakodi pikipiki, mimi nikapanda nyuma kumshikilia kaka asianguke, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Hospitalini walimbandika waya kifuani na mashine ikachora karatasi. Daktari aliiangalia, akatuuliza maumivu yalianza lini, na tulipomjibu akavua miwani. Alisema mshipa unaolisha moyo uliziba, na sehemu ya moyo iliyokosa damu imekufa. Alisema, "Mungelimuleta siku ile ile, tungeokoa kitu." Hakusema kwa ukali. Heri angesema kwa ukali. Alimdunga sindano, na kaka hakufa, kisha daktari akampa vidonge vya kunywa kila siku bila kuacha, akamkataza sigara na mizigo, akamwambia arudi kila mwezi.

Tuliporudi na kusema ni shambulio la moyo, ambao huku tunauita roho, Papa Jules alicheka. "Kriz ya roho? Ile iko ugonjwa ya ba-patron benye matumbo. Huyu tumbo yake iko wapi?" Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba amedungwa sindano na hakufa, nadhani ni mara ya kwanza kumjibu, naye akasema ni kwa sababu dawa ya Papa Faustin ilikuwa imekwisha kumkinga. Papa Faustin mwenyewe alituma neno kwamba unga wake na vidonge vya hospitali vinapigana tumboni, kaka achague. Kaka akachagua unga. Alinipa paketi ya vidonge mkononi akasema, "Tupa mu choo, dada." Nikaenda mpaka chooni. Nikasimama pale. Nikarudi na paketi ndani ya nguo yangu.

Sasa uone mahali nilipofika, Mama Rosalie. Vidonge vinamsaidia, uvimbe umepungua, analala vizuri, anacheka, na kila anapopata nguvu watu wanasema, mmeona, dawa ya karuho inafanya kazi, basi ilikuwa kweli karuho, basi ni Mama Blandine. Watu wameacha kununua kwake. Alinisimamisha njiani juzi, macho yamevimba, akaniambia, "Mutoto yangu, we ulikuwa pale. Ile chai si ilitoka mu birika moja? Si watoto yangu banakunywa mbele yako?" Nilisema ndiyo, Mama, nikakimbia. Papa Jules ameitisha mkutano wa ukoo baada ya misa ya Jumapili ijayo, ili Mama Blandine aitwe mbele ya watu, na vijana wengine wanasema afadhali afunge duka na kurudi kwao kabla hawajamfungia wao. Nakumbuka jambo jingine ambalo halitajwi nyumbani: baba yetu naye alianguka akichimba mihogo kabla hajafikisha miaka arobaini, na mzee mmoja jirani yetu alifukuzwa kijijini kwa kudaiwa kumroga. Sisi tunalima shamba lake mpaka leo.

Na kaka anajiona amepona. Ameshapaka magurudumu mafuta. Wenzake wanamtania kila wanapopita, "Jean-de-Dieu, unakuwa sasa bibi arusi, unakaa tu unangojea kupikiwa?" na yeye anawajibu wiki hii inayokuja atawaonyesha. Vidonge vimebaki vichache. Nikimwambia ukweli, ataacha uji wangu, ataacha vidonge, na atakufa. Nikinyamaza, atasukuma chukudu na mzigo wa viazi, na atakufa barabarani, na watasema Mama Blandine amemmaliza. Je, niendelee mpaka nipate vidonge vingine, au niseme? Na nikisema, nianze na neno gani, mimi ambaye sijawahi kuanza mazungumzo?

Ni mimi, msichana wa Bihambwe.

Mama Rosalie anajibu

Binti yangu, umetenda vizuri na umekosea vibaya, yote mawili kwa kijiko kimoja. Pengine kaka yako yu hai kwa sababu hukutupa ile paketi, na kwa hilo nakushukuru kwa niaba ya watoto wake wawili. Lakini acha. Kesho asubuhi uji uwe uji.

Usikasirike. Wewe si daktari. Hujui ni kidonge kipi kinaweza kusagwa na kipi kikisagwa kinaharibika au kinaingia mwilini chote kwa mara moja. Hujui anatapika nini anapokunywa unga wa Muheto. Siku utakayopata malaria, nani atakoroga? Tena ulitaka kupambana na hofu ya sumu kwa kufanya kile kile ambacho watu wanakiogopa. Mtoto wa kaka yako akikuona unasaga, mchana huo huo kijiji kizima kitakuwa uani kwenu, na wewe hutakuwa na sauti ya kujieleza. Umesema mwenyewe kwamba huna.

Sasa nizungumze na nyumba nzima, maana barua yako si ya kwanza ya namna hii. Moyo hauulizi umri. Ndiyo, ugonjwa huu unawapata zaidi wazee, na hiyo ndiyo sababu ya vijana kuchelewa: hakuna anayeufikiria. Mzee akishika kifua, wote wanakimbia. Kijana akishika kifua tunamwambia ni uchovu, ni vidonda vya tumbo, ni baridi ya mlimani, ni karuho. Tunakaa kubishana naye anaendelea kufa kipande kwa kipande, na kipande cha moyo kilichokufa hakioti tena kama nywele. Mtu akibanwa kifua, akitoka jasho bila sababu, maumivu yakipanda shingoni au yakishuka mkononi, mketisheni, asitembee, asipewe kitu cha kumtapisha, apelekwe hospitali hapohapo. Sisemi hakuna sumu duniani. Nasema hata kama ni sumu, pa kwanza ni hospitali. Na habari ya sindano kuua mwenye karuho, ninyi mmeiona kwa macho yenu ikishindwa, halafu mkaitafutia kisingizio.

Papa Jules, ikiwa unanisikiliza, sikutukani. Ulimpenda mtoto wa ndugu yako, ukaogopa, ukakosea njia. Lakini ndugu yako aliyeanguka shambani angali kijana, na mtoto wake aliyeanguka angali kijana, je, ni walozi wawili au ni damu moja? Magonjwa ya moyo hutembea katika ukoo. Wewe pia upimwe. Na yule mzee mliyemfukuza, sina la kukuambia juu yake ambalo hulijui.

Narudi kwako, binti. Unaogopa kaka yako ataacha dawa akiambiwa ukweli. Hebu fikiri kwa nini alichagua unga. Hakuchagua kati ya dawa mbili. Alichagua kati ya habari mbili. Papa Faustin alimwambia: uovu umetoka kwa mtu mwingine, ukitoka tumboni utakuwa kama zamani. Daktari alimwambia: ni moyo wako, na hautakuwa kama zamani. Ungekuwa na miaka thelathini na mmoja na kazi yako ni mabega yako, wewe ungechagua ipi? Hakuna aliyekaa naye akamsaidia kuibeba ile habari ya pili. Mlimwachia aibebe peke yake kama mzigo wa viazi, akautupa. Usimwonee hasira.

Fanya hivi. Mwambie Adrienne leo, maana yeye ameshaonyesha kwamba anaweza kukodi pikipiki. Kisha ninyi wawili mwambieni kaka yako, mchana, akiwa ameketi, kabla hajala. Usianze na maneno mazuri, huna, na hayahitajiki. Weka paketi mbele yake na useme, "Sikutupa." Mengine yatakuja. Akifoka, mwache afoke. Akisema hataki, ni haki yake, ila akatae akiwa anajua ni nini kilichompa usingizi. Mwombe kitu kimoja tu: arudi kwa daktari, aende na unga wa Papa Faustin, auonyeshe bila aibu. Asisukume hata chukudu tupu kabla ya hapo.

Na kabla ya Jumapili hiyo, wewe uliyekunywa chai ile utakwenda dukani kwa Mama Blandine, ununue chumvi watu wakikuona, na mtu akiuliza useme, "Nami nilikunywa." Maneno mawili. Kwa hayo huhitaji ujasiri, unahitaji miguu.

Barua ya pili

Mama Rosalie, kwanza nilikwenda kununua chumvi. Niliifunga vibaya mpaka nikaimwaga kidogo. Mwanamke mmoja aliniuliza kama siogopi, nikasema nami nilikunywa, akanitazama, akanunua sabuni.

Kaka tulimwambia uani. Niliweka paketi kwenye benchi. Aliiangalia, akaangalia bakuli la uji, akalisukuma mbali kwa kidole kama kitu cha moto. Alisema, "Kumbe mulozi yangu njo we." Sikujua kama anatania. Adrienne akamwambia, "Na ulikuwa unamaliza mpaka kulamba kijiko," na yeye akacheka, kisha kicheko kikakatika, akauliza, si sisi, sijui alikuwa anamuuliza nani, "Roho ya muntu wa miaka yangu inakufa aje?" Akavuta lile bakuli, akalimaliza, akasema afadhali uji bila dawa, ulikuwa mchungu tangu zamani na yeye alidhani nimesahau kupika.

Tulikwenda hospitali. Rafiki yake Nzabonimpa alimpandisha juu ya chukudu na kumsukuma, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na pikipiki iliyokubali kupita, na njiani watu walipiga kelele kana kwamba ni gunia la mkaa linapelekwa sokoni, "Bei ya ile makala ni ngapi?" Kaka aliwajibu kwamba imekwisha uzwa. Daktari alikuwa na furaha kumwona, akasema vidonge viwili kati ya vile havikupaswa kusagwa, nikaangalia sakafu. Aliuchukua unga, akasema auache kabisa. Kisha alimwambia bila kuzunguka: moyo umedhoofika, ataishi nao akitunza dawa na kuacha sigara, lakini chukudu imekwisha. Si mwezi huu, si mwaka ujao. Imekwisha.

Jumapili kaka alisimama mwenyewe mbele ya ukoo. Alisema hakulishwa kitu, ni moyo wake, na anadhani ulikuwa pia moyo wa baba. Papa Jules aliondoka kabla ya watu wote, na siku iliyofuata nilimwona amesimama kwenye ukingo wa lile shamba la mihogo alikoanguka baba, akiwa hana jembe. Mama Blandine hajafunga duka, ingawa wengine bado wanapita upande wa pili wa njia. Amemwomba kaka amkalie dukani siku anazokwenda kutafuta mzigo. Kaka amesema atafikiri.

Unaweza kusoma haya yote redioni, saa ambayo wanaosukuma chukudu wako bado njiani. Lakini kuna moja lililobaki, na hili nawaomba wewe na wasikilizaji wako. Kaka amewaambia wenzake wa barabarani kwamba anapumzika tu, kwamba Nzabonimpa ameazima chukudu yake mpaka baada ya Pasaka, halafu atarudi awaonyeshe. Jioni anakaa kando ya njia, wanapita na mizigo yao, anawapigia kelele wakaze mikono kwenye mteremko, nao wanamjibu, "Tunakungojea, mukubwa." Anajua kwamba harudi. Adrienne anajua, mimi najua, na sasa ninyi mnajua. Nafikiri atawaambia mwenyewe siku atakayoweza. Kama mnapita huku na mkamtambua, tafadhali msiseme kitu, mwitikieni tu kama wao.